Samaki Mwenye Udevu Mmoja

Bweni la Wasichana, Tabora
Jumapili, 11 Februari 1951

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila moyo. Mama hajambo? Pampu ya stesheni haikusumbui? Barua hii naipitisha kwa Paskazia mpishi, maana zinazopita ofisini hufunguliwa.

Baba, nimekula mwiko. Sisi tulioumwa mafua tunapewa kila asubuhi kijiko cha mafuta ya ini la samaki. Nilimeza wiki tatu bila kuuliza. Juzi Sista Bertila akafungua kitabu cha viumbe, akasema, "Huyu ndiye kod, anayewapa mafuta." Nikatazama picha: ana udevu kidevuni! Nawe umetufundisha tangu utoto kwamba ukoo wetu hauli samaki mwenye ndevu. Asubuhi iliyofuata nikayatema. Sista amesema nisipoyameza kufikia Jumapili ya Matawi, nirudi nyumbani Tura. Na mwaka huu ndio wa cheti changu cha ualimu. Nifanyeje?

Mwanao,
Eustadia

Tura, 15 Februari 1951

Mwanangu Eustadia,

Marahaba. Huku wazima wote, mama yako anakusalimu, pampu inakohoa lakini inafanya kazi.

Nawe Sista unayeisoma hii kabla ya mwenyewe, Tumsifu Yesu Kristo. Soma polepole. Nimekasirika! Mimi nimebatizwa, siku ya Ijumaa sigusi nyama, wala sijawahi kuwauliza mapadri nyama imekosa nini. Kwa nini mfungo wenu uwe ibada na wetu uwe ushenzi? Mtoto akisema hiki hakiliwi kwetu, unamfukuza shule?

Nawe, binti, wiki tatu nzima! Hata kuku hutazama kabla ya kudonoa. Usimeze tena mpaka nikwambie. Ila niulizie vizuri: huyo samaki ana magamba? Anakaa wapi? Ndugu zake ni akina nani? Sitaki kumhukumu kwa kidevu tu.

Baba yako,
Alois

Tabora, 25 Februari 1951

Baba yangu,

Shikamoo. Sijambo, ila magoti. Barua yako waliisoma kweli, nikapigishwa magoti barazani, na siku nyingine nachota maji wenzangu wakiwa darasani. Mama asiambiwe.

Majibu yako haya. Kod ana magamba madogo sana. Mgongoni ana mapezi matatu. Udevu wake ni mmoja, kambale wetu anazo nane. Anakaa chini chini katika bahari za kaskazini, kwenye baridi ambayo mtu akitumbukia hafiki jioni. Ndugu zake, kama hadoki, karibu wote ni wa baharini. Ila yuko mmoja, baboti, anayekaa mitoni na maziwani kwenye maji baridi. Ana mwili mrefu wenye utelezi, na mchana hujificha chini ya mawe. Niliposikia hivyo nikasema kwa sauti, "Basi huyo ni kambale!" Sista akacheka, darasa zima likacheka. Akasema kambale ni wa jamii nyingine kabisa, na kwamba sisi tunawapanga samaki kwa hofu.

Nimeudhika, baba. Wao wakihesabu mapezi ni elimu, sisi tukihesabu ndevu ni hofu! Na kinachoniuma zaidi, kitabu chao nimekipenda.

Mwanao,
Eustadia

Tura, 4 Machi 1951

Mwanangu,

Marahaba. Pole na magoti. Sisi tu wazima, mvua imenyesha.

Nilikwenda kwa Bibi Kashindye, shangazi yangu, nikamsomea majibu yako. Alinigombeza kama mtoto. "Nani alikwambia ndevu?" Akanieleza. Babu yake alikuwa mpagazi. Wakirudi kutoka pwani, maji yaliwaishia katika nyika kavu ya Mgunda Mkali, watu wakaanza kulala njiani wasiamke. Wakachimba bwawa lililokauka, wakamkuta kambale hai ndani ya tope. Wakachimba zaidi pale alipolala, maji yakatoka. Wakamrudisha topeni, wakaapa hawatamla yeye wala wa aina yake. Ndevu tulitajiwa watoto ili tumtambue tu.

Basi kosa ni langu. Nilishika ndevu, nikamsahau mwenyewe. Huyo kod hatumjui, na baboti naye hajatuokoa popote. Meza, mwanangu, upate cheti. Nakiri hayo mbele ya Sista anayesoma. Lakini hasira yangu juu ya yale magoti iko palepale.

Baba yako,
Alois

Kwa Paskazia, Tabora
12 Machi 1951

Baba,

Shikamoo. Afya ninayo. Sanduku langu liko hapa miguuni.

Barua yako Sista aliisoma mbele ya darasa, yote, mpaka babu na kiu yake. Wasichana wengine walicheka, wengine waliinamisha vichwa. Kisha akanipa kijiko, nikameza, maana ulikuwa umeniruhusu. Nilidhani yameisha. Akanipa chaki, niandike ubaoni mara hamsini: "Mwiko ni ujinga wa wazee wangu."

Nikaiweka chaki mezani. Akasema, andika au utoke. Nikamwambia, "Sista, mafuta nimemeza. Hayo siandiki." Nikatoka.

Najua ulitaka nirudi mwalimu, na ilibaki miezi minane tu. Hata mimi nimelia. Unikasirikie ukitaka, lakini naomba unipokee.

Mwanao,
Eustadia

SIMU
Stesheni ya Tura, 14 Machi 1951
Kwa Eustadia, nyumbani kwa Paskazia mpishi, Tabora

Panda gari la leo. Bibi Kashindye yuko stesheni tangu asubuhi, amekataa kiti. Anasema mjukuu wake hapokewi na watu walioketi. Baba.