Ngoma Niliyokupandishia Mgeta

Baba yangu uliyetangulia,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo, hata kwenye karatasi. Wewe hukujua kusoma, na mimi herufi nilizipata ukubwani, hapa Morogoro, jioni baada ya kazi. Kwa hiyo sikuandikii usome. Naandika ili isomwe kwa sauti siku ya hitima yako, mbele ya shangazi, mbele ya Kondo, mbele ya wote waliokuwa wakinong'ona msibani kwamba mtoto wa fundi ngoma amekaa pembeni kama mpita njia.

Nilikaa pembeni kwa sababu ndiko nilikowekwa.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Shamba la mtu, jina lake na ufundi wake huenda kwa mtoto wa dada yake, si kwa yule aliyemzaa mwenyewe. Sibishani na hilo, mimi mwenyewe nalima kipande alichonipa mjomba. Lakini mjomba angenifundisha nini? Anajua maharage, anajua kuchimba matuta yasibebwe na mvua, basi. Wewe ndiye uliyeitwa kutoka Mgeta mpaka Ngerengere kila palipotakiwa ngoma ya kuwatoa nje wali waliokwisha kufundwa. Na ufundi huo ulimpa Kondo, mtoto wa shangazi, ambaye asubuhi alikuwa anaburuzwa kutoka kitandani ili aje apewe.

Unakumbuka siku niliyokuja nikachuchumaa kando ya gogo lako? Nilikuwa na urefu wa mpini wa jembe.

"Mjomba wako amekosa kazi ya kukupa?" ukaniuliza.

"Nataka kuchonga, baba."

"Kachonge mihogo, mama yako anataka kupika."

Kondo alicheka mpaka tezo ya kuchongea ikamponyoka. Mimi nilikwenda nikamenya mihogo. Nikaimenya nikiwa nimekaa mahali ambapo mikono yako ilikuwa inaonekana vizuri, na huo ndio ukawa uanafunzi wangu. Wa macho tu, na wa mbali.

Nataka leo nikueleze nilivyojifunza, maana hukuuliza hata mara moja.

Ngoma yangu ya kwanza niliichonga kama nilivyokuona ukichonga. Nikapata kipande cha mti wa mringaringa, nikakianika juani nyuma ya zizi, kikakauka, nikaanza kuchimba tumbo. Nilikuwa sijafika katikati kikapasuka kutoka juu mpaka chini, mlio wake mama aliusikia akiwa jikoni. Nikatafuta kingine, nikakianika kivulini safari hii. Nacho kikapasuka. Nikasema kuna dawa, kuna kitu mnalinong'oneza gogo. Kumbe hakuna dawa. Magogo yako yalikuwa yanafika nyumbani yakiwa tayari yametobolewa. Kazi ya kuutoa moyo wa mti mliifanyia kule kule msituni, mti ukiwa bado mbichi, wewe na Kondo peke yenu, kwa sababu huko mtu wa ukoo mwingine haendi. Mti ukikauka na moyo wake ndani, lazima upasuke: nje kunajikunja, katikati kunakataa. Mimi nilikuwa nimeiona nusu ya kazi nikadhani nimeiona yote.

Hilo nililijua kwa kuangalia nyufa. Zote zilianzia katikati zikaja nje, hakuna hata moja iliyoanzia nje ikaingia ndani. Nikakaa na kile kipande kilichoharibika muda mrefu kuliko niliokaa nacho kikiwa kizima. Tangu hapo kazi iliyoharibika siitupi kabla haijaniambia kitu. Lakini hilo, baba, ilikuwa kazi yako kuniambia, si kazi ya gogo.

Iliyofuata niliitoboa mti ungali mbichi, haikupasuka. Niliichonga nyembamba, nikijisifu kwamba nimekuwa hodari wa tezo, nikaiwamba ngozi ya mbuzi, nikaipeleka uwanjani wakati wa mavuno bila kukuaga. Nikapiga. Yule mtani wetu Mzaramo, mwenye kelele kuliko kengele ya mzungu, akasimama katikati ya watu.

"Jamani! Nani kaleta debe la mafuta ya taa huku? Mwenyewe aje alichukue, mke wangu anataka kulichotea maji!"

Watu walilala chini kwa kicheko. Mtani akaendelea: "Mtoto wa fundi huyu? Basi fundi alikuwa safarini!" Mama akajifunika kanga usoni. Nikakutafuta kwa macho, nikakuona. Na wewe ulikuwa unacheka, baba. Meno yote nje.

Sikurudi uwanjani mwaka ule.

Nikaja na nyingine. Hii niliiacha nene, maana nilikwisha kuogopa debe. Sikuipeleka uwanjani, nilikuletea wewe, ukiwa umekaa mlangoni unanoa patasi. Ukaigonga kwa kifundo cha kidole mara moja. Ukaingiza mkono chini, ukapapasa ndani, ukautoa.

"Imelala," ukasema.

Nikangoja. Ukaendelea kunoa.

"Imelala kwa nini, baba?"

"Kamuulize mjomba wako."

Sikumuuliza mjomba. Niliichukua ngoma ile nzima, mpya, ngozi bado inanukia mbuzi, nikaipasua kwa shoka katikati kama papai. Kisha nikaenda jalalani nikaokota ngoma yako moja iliyokwisha kuliwa na mchwa mdomoni, nayo nikaipasua. Nikazilaza nusu kwa nusu. Ulipita ukaniona nimezipigia magoti.

"Kuni hizo haziivishi hata maharage," ukasema, ukapita.

Lakini nilikuwa nimeona. Siku zote nilikuwa napima unene wa mdomo, kwa sababu mdomo ndio unaoonekana. Ngoma yako mdomoni ilikuwa na vidole viwili, kiunoni kidole kimoja, chini inarudi vidole viwili. Yangu ilikuwa na viwili kuanzia juu mpaka chini. Kumbe si swali la nene au nyembamba! Mdomo unabeba mvuto wa ngozi, lazima uwe na nguvu. Kiuno ndicho kinachotetemeka, lazima kipungue nusu. Nikapima na upana: kwa mdomo wa shubiri mbili, urefu wa ngoma yako ulikuwa shubiri tano. Ngoma ndogo, mdomo wa shubiri moja, urefu mbili na nusu. Hesabu ile ile! Wewe hukuwahi kuhesabu, mikono yako ilikuwa inajua. Mimi mikono yangu haikupewa chochote, ikabidi nihesabu.

Nilifurahi siku ile mpaka nikataka kukukimbilia nikuambie. Nikasimama katikati ya uwanja wa nyumba. Ningekuambia nini? Kwamba nimekuibia?

Ndipo nikashuka mjini. Reli ilikuwa imefika, Wadachi wa Ujerumani wanataka maseremala, na mimi nilikuwa najua kupima. Msitu ulikuwa umekwisha kufungwa. Mtu akikamatwa na mti wa serikali anachapwa, na sikutaka kuchapwa kwa ajili ya gogo ambalo huenda nikaliharibu. Kwa miaka nilichonga milango na viti. Mpaka Mhindi mmoja mwenye duka akaamua kuuangusha mringaringa uliokuwa unabana ukuta wake. Nikamtengenezea milango, akanipa shina.

Lile shina nililitoboa siku lilipoangushwa, maji bado yanatoka. Nikalifukia kwenye maranda, kivulini, msimu mzima wa kiangazi. Nikachonga taratibu, jioni kwa jioni, kidole changu kikiwa ndiyo rula. Nilipoiwamba na kuiotesha moto na kuipiga mara ya kwanza, seremala wa nyumba ya pili alitoka nje na sabuni usoni akauliza, "Nani kafiwa?" Nikajua imeamka.

Nikaibeba mgongoni nikapanda nayo Mgeta. Sikuipeleka kwa mtu mwingine njiani, ingawa waliniomba niishushe waionje. Nilitaka sikio moja tu. Lako. Nilikuwa sitaki uniite wa ukoo wako, wala sikutaka tezo yako. Nilitaka uigonge kwa kifundo cha kidole, uniambie.

Mama alinipokea kwa vigelegele vya chini chini, jambo ambalo si lake. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kigoda unachambua maharage. Nikapiga magoti. "Shikamoo, baba." Ukaniangalia mdomo, si macho. "Marahaba, marahaba." Nikaeleza safari, ukawa unatikisa kichwa hata pale nilipokuwa nimeuliza swali. Nikadhani ni ule ukali wako wa siku zote, umebadilika umekuwa dharau.

Nikaiweka ngoma nyuma yako, karibu na ukuta, penye kivuli. Sikutaka uione kabla hujaisikia. Nikainua mikono nikaipiga kwa nguvu zangu zote.

Kuku wakaruka juu ya paa. Watoto wakaja mbio kutoka nyumba za bondeni. Jirani akaita, "Kuna nini huko?"

Na wewe uliokota harage bovu, ukaliangalia, ukalitupa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Hapo ndipo nilipojua. Masikio yako yalikuwa yamekwenda, baba. Yamekwenda na ngoma zote zile ulizokuwa unaegemeza kichwa ili uzisikilize. Na ulikuwa unaficha, na mama anakufichia, maana fundi ngoma asiyesikia ataitwa na nani?

Uliwaona watoto wakikodoa macho nyuma yako, ukageuka. Ukaiona ngoma, ukaona mikono yangu juu yake. Hukuigonga. Hukuingiza mkono chini kama ulivyofanya kwa ile iliyolala. Uliangalia uso wangu, na sijui ulikuwa umeandikwa nini wakati ule, ukasema:

"Nzuri. Nzuri sana, mwanangu."

Mwanangu! Hukuwahi kuniita hivyo. Ulikuwa unaniita kwa jina la mama yangu, mtoto wa fulani. Na mimi nikakaa chini nikalia kama mtu aliyefiwa, ukadhani nalia kwa furaha, ukanipigapiga bega. Watoto wakaanza kucheza. Mama akaingia ndani.

Nilipanda mlima kumtafuta fundi, nikamkuta baba. Najua wapo ambao wangetoa kila kitu wapate hicho nilichopata. Nami nashukuru, usione sishukuru. Lakini fundi nilikuwa bado namhitaji, na baba ndiye aliyeniambia kwamba fundi hayupo tena.

Ulipokufa, tezo na patasi zako zilikwenda kwa Kondo, kama inavyotakiwa. Kondo ameacha kuchonga siku nyingi, anabeba marobota ya pamba kwenye shamba la mzungu. Alinivuta pembeni. "Ndugu yangu, zichukue wewe. Mimi nitazifanyia nini?" Shangazi akasikia. "Kitu cha ukoo hakitoki," akasema, na wazee wakakubali. Basi, zinaning'inia kwenye paa la shangazi zinashika kutu. Nina tezo yangu, alinifulia mhunzi wa hapa mjini, na makali yake nayajua. Ila isomwe na wote wasikie: chuma kinaoza kwa heshima, na anayejua kukitumia amekaa chini ya paa hilo hilo anakula wali wa hitima.

Watu wa mjini wananiita fundi sasa. Wanakuja, wanapiga, wanasema nzuri. Siwaamini. Si kwa kiburi. Ni kwamba kila anayesema nzuri namwona amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo, anachambua maharage. Nimebaki na hesabu zangu, na hesabu inanifikisha mlangoni tu: inaniambia ngoma haitapasuka, haitalia kama debe, haitalala. Baada ya hapo kuna kitu kingine, wewe ulikuwa unakisikia, na mimi sijui hata nikipimie wapi.

Ile niliyoimaliza wiki hii ina kasoro. Naisikia, mahali fulani kati ya kiuno na chini, kama mtu anayetaka kusema neno akaghairi. Tayari imepata mteja, naye hakusikia chochote. Nimemwambia angoje.

Ulale pema, baba. Hapa kumekucha, naliendea shoka. Nitaipasua nione.

Ni mimi mwanao,
wa nyumba yako, si wa ukoo wako.