Kitambaa cheupe kichwani kwa Hanna

Zuura, kabla wale wanafunzi wa kigeni hawajaja kujenga shule huko kwenu, ficha vitambaa vyako vyeupe. Vyote!

Mwenzio nimeponzwa na huruma. Yule Hanna anayelala kwangu alirudi kutoka kwenye ujenzi nywele zimejaa saruji, nikamfunga kitambaa changu kichwani. Cheupe, Zuura! Kama anavyofungwa bibi harusi kwetu! Sijui akili yangu ilikwenda wapi.

Sabira jirani akachungulia. "Mama Bektur! Umeoza mwana hata hutuambii?"

Sijafungua mdomo, ameshatangaza kijiji kizima. Wakaja wanarusha peremende za harusi. Na Hanna anawainamia mara tatu, kama bibi harusi kweli! Kumbe Bektur ndiye aliyemfundisha, eti ni salamu ya heshima. Mjinga yule!

Simu ikalia. Mama yake Meerim, mchumba wa Bektur.

"Njooni mchukue hereni zenu za uchumba."

Nikaapa kwa mkate kwamba hakuna harusi, nikalia. Akasema, "Basi mlete huyo mkwe wako tumwone."

Nikampeleka vilevile, na saruji kwenye nyusi. Meerim alimtazama, akacheka mpaka akakaa chini. Hereni zimebaki masikioni mwake, namshukuru Mungu.

Sasa Hanna ananiomba vitambaa vyeupe vya wenzake wote. Anasema ukivaa hicho, watu wanakuletea peremende.

Na Jumatatu wanahamia kwenu, Zuura. Una wana watatu hawajaoa. Ficha!