Jino la Shangazi Magreth

Furaha, acha kila kitu usome. Shangazi Magreth, tuliyembatiza Mheshimiwa Shavu jino lilipomvimbisha, ameshuka kutoka Matombo kuja hospitali kuchukua majibu ya kinyama walichomkata kwenye ufizi.

Daktari anamuuliza kama ana uvimbe kwenye titi. Titi, Furaha.

Shangazi akakaza kanga. "Daktari, jino liko huku juu."

"Mama, hii ya ufizi ni saratani iliyotoka kwenye titi."

Shangazi akasema, "Uvimbe upo tangu mwaka juzi. Hata mume wangu hajui."

Analazwa leo. Kaniomba nimwambie mumewe, mjomba Thobias, maana yeye hawezi kulitamka.

Nimempigia. "Jino limekuwa titi? Mtoto, utani wako umezidi." Akakata. Sasa hapokei.

Mpigie wewe. Wewe anakuamini.