Kiti cha Chifu

12 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo? Kifua kimeachia? Sisi wazima, ila mpwa wako Chifu anarefuka kama aliyeahidiwa zawadi. Kiti ulichomchorea mwaka juzi kimembana, na mgongo wake unaujua, bila mikanda ya mabega hausimami. Vipimo vipya hivi hapa chini. Ulisema safari hii ni kubadilisha namba tu, kiti kizima kinajirekebisha chenyewe kwenye kompyuta. Uviringe na ule ukingo wa juu wa mgongo, unamkwaruza. Fundi seremala ananingoja.

Dada yako

20 Februari

Dada,

Shikamoo. Kifua kimepona, kazi ndiyo imekaza. Mchoro huu hapa, mpe fundi. Namba zimeingia, ukingo nimeuviringa. Kompyuta ilinisumbua kidogo, mwishowe tukaelewana. Mwambie Chifu mjomba anadai picha.

Mdogo wako

15 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimeandika, nimepiga simu, kimya. Mko salama kweli? Kama nimekukosea, niambie.

Mdogo wako

22 Machi

Mdogo wangu,

Tulikuwa hospitali. Nilitoka kuanua nguo. Kurudi, Chifu ameteleza kitini, mkanda umemkaba koo. Matundu ya mikanda yalikuwa juu mno, usawa wa shingo. Sasa anapumua vizuri, ila sauti inakwaruza na shingoni ana kidonda.

Mkanda niliuona uko juu tangu tulipomkalisha. Nikajiambia, aliyechora anajua. Hilo ndilo linalonila.

Nijibu jambo moja tu: ulijua?

Dada

2 Aprili

Dada yangu,

Sina uso wa kukusalimu, lakini shikamoo.

Nilijua kuna kitu. Matundu yale sikuyapima kutoka kwenye kikalio. Niliyaegemeza kwenye ukingo wa juu wa mgongo, kwa sababu ndiyo ilikuwa njia ya mkato. Nilipouviringa ule ukingo, kompyuta haikuutambua tena, matundu yakajishikiza popote. Ikanijazia maonyo mekundu. Nikayazima moja moja bila kuyasoma, nikakuandikia "tukaelewana". Ulikuwa uongo, dada. Nilikuwa na haraka ya kwenda kula na wenzangu.

Nimefuta chote nikaanza upya. Kila tundu sasa linapimwa kutoka kwenye kikalio, ambacho hakihami, na kimo cha bega kina namba yake peke yake. Nimeujaribu mchoro kwa vipimo vya mtoto mdogo, kisha vya mtu mzima. Matundu yakabaki mabegani. Lakini mkono unakataa kuutuma. Chifu nimeshindwa hata kumpigia.

Usinisamehe haraka.

Mdogo wako

18 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Unakula? Kidonda cha Chifu kimefunga. Changu bado, sitakudanganya. Kile kiti nimekipasua kuni.

Kutwa analala chali, anaangalia dari, na amechoka nayo. Jana akaniuliza, "Mjomba amenuna?" Nikamwambia hapana, mjomba alikosea mchoro, sasa anaona aibu. Akafumba macho, nikadhani amelala. Kumbe anawaza.

"Kwani alinipima?"

Nikasema hapana, vipimo nilituma mimi.

"Basi aje anipime mwenyewe."

Nilicheka hadi nikalia. Mchoro usitume. Omba ruhusa kazini, uje nao, na fundi atakata ubao wewe ukiwa umesimama hapo hapo. Mkanda wa kwanza utaufunga wewe, nami nitakuwa upande wa pili nikiushika.

Dada yako