Si Idi Aliyeuleta Ugonjwa Ule

Kansanga, Kampala

Dada yangu Sikudhani,

Assalaam alaykum. Kaa kitako kwanza, maana najua tabia yako ya kusoma barua umesimama mlangoni. Goti linaendeleaje? Na mama, bado anakataa kula mpaka wewe umkalie mbele? Sisi huku tunashukuru. Rehema wako ni mzima, ila akipanda ngazi mbili tatu hukaa chini kutafuta pumzi. Mtoto ananyonya vizuri, mashavu yameanza kujaa. Juzi amecheka, au labda ni tumbo tu, mimi nimeshasema amecheka.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningekata. Uliponipigia ukasema, "Tatu, bila wewe mwanangu angekuwa kaburini," nilikwambia mtandao mbaya nikazima. Mtandao ulikuwa mzuri. Ulikuwa umeshaniambia kwamba wajomba watakaa mwisho wa mwezi, wamtake Idi amwache Rehema, kwa kuwa alitoka na korona Juba akaiingiza kwenye kitanda cha mke mwenye mimba. Dada, zuia kikao hicho. Si Idi aliyeuleta ugonjwa. Ni mimi.

Unanijua nilivyo. Kwenye darasa letu la wanawake mimi ndiye msemaji. Wenzangu walipoanza kuogopa, niliwaambia, "Sisi tunaotawadha mara tano kwa siku, korona itatupatia wapi?" Wakacheka, wakanisifu. Haukupita muda nikarudi kutoka dukani Kikuubo nakohoa, mwili wote unauma. Nikasema ni vumbi la marobota ya nguo. Kesho yake nikaunguza vitunguu mpaka jikoni kukajaa moshi, na mimi nimesimama palepale na mwiko mkononi. Mume wangu akaja mbio. "Mama, leo unatupikia makaa?" Nikacheka naye. Lakini nilijua. Redio ilikuwa inasema kila siku: pua ikiacha kunusa, jitenge, na mjamzito mkae naye mbali zaidi, maana ugonjwa ukimpata huwa mzito.

Niliona haya, dada. Kufa sikukuogopa, niliwaogopa wale wanawake. Nikajifukiza mwarobaini mlango umefungwa, na jioni nikaendelea kumkanda Rehema miguu kwa mafuta kama ulivyoniagiza alipokuja kukaa kwangu, uso wangu na uso wake. Mimba ilikuwa imetimiza miezi saba. Akaniuliza, "Mama mdogo, mbona macho mekundu?" Nikamwambia moshi wa mkaa.

Siku ya nne ya kikohozi changu Idi akapita na lori kutoka Juba. Akalala, alfajiri akashika njia ya Mombasa. Asubuhi hiyohiyo Rehema akaamka na homa. Baada ya siku chache akawa hawezi kumaliza neno bila kupumzika, tukamkimbiza hospitali.

Nesi aliyetupokea ni mtu mzima kama mimi. Aliuliza huku ameshika kalamu, "Nyumbani nani alianza kuugua?" Nikasema, "Mume wake. Ni dereva wa lori." Lilitoka bila kusita. Wakati ule mji mzima ulikuwa unasema madereva ndio wanaoleta, basi akaandika bila hata kuinua kichwa.

Pumzi ya Rehema ilizidi kupungua, wakamtoa mtoto kwa upasuaji kabla ya miezi minane. Yale mengine nilikusimulia kwenye simu. Hili sikukusimulia. Walimpima mtoto wakamkuta hana ugonjwa. Nesi akaniambia wengi huzaliwa salama, ila huwahi kutoka, na huko kuwahi ndiko kunakowatesa. Akasema mtoto huyu anahitaji kifua cha mtu mzima mwenye afya, ngozi kwa ngozi, apate joto, na mama yake yuko kwenye oksijeni. "Wewe je?" Nikasema nina presha. Nilijua kifua changu si salama. Uongo wa pili kwa nesi huo.

Kesho yake Idi akafika. Alikuwa amegeuza lori mpakani baada ya kupata habari. Askari wa geti akaniita. "Nyabo, huyu anasema yeye ni baba ya mutoto. Iko na karatasi, kipimo yake iko safi. Ni huyu ule wa roli?"

"Ndiye," nikasema. "Msimwingize."

Idi akanyoosha ile karatasi kwenye nondo za geti. "Mama, nimepimwa jana. Soma."

Sikusoma. Nikarudi ndani. Alikaa ng'ambo ya barabara siku sita, analeta supu na nguo za mtoto, anampa askari. Na siku hizo sita mjukuu wako alilala kwenye mashine bila kifua cha mtu yeyote, na kifua kilikuwepo pale getini. Mpaka Rehema alipopata nafuu, nesi akamfundisha avae barakoa, anawe mikono, amnyonyeshe. "Maziwa hayana ugonjwa," alisema, "mpe."

Baada ya simu yako nilimwita Idi. Nikamweleza yote, macho yangu kwenye mkeka.

"Nilijua, mama," akasema.

"Ulijuaje?"

"Sisi tumepimwa mpaka pua zimechoka. Ugonjwa huu hauibuki kwa usiku mmoja, siku zake tunazijua. Mimi nilipofika kwako, wewe ulikuwa unakohoa tayari."

"Mbona hukusema?"

"Wangekutoa na wewe. Rehema angebaki na nani mle ndani?" Halafu akaomba maji ya kunywa. Nilikwenda kuyachota nikashindwa kurudi nayo. Mume wangu ndiye aliyempelekea.

Rehema nilimwambia jana. Hajanisemesha tangu hapo, ila akienda kuoga bado ananiachia mtoto. Darasani nako nimesema mbele ya wote. Mmoja akaninong'oneza kwamba bora ningenyamaza, Mungu ni mwingi wa kusitiri. Naye Mungu nimemwomba, tena sana, lakini kila nikisujudu naiona ile karatasi. Haki ya Idi iko kwa Idi, na yako iko kwako. Sikuombi unisamehe haraka.

Wajomba usiwaeleze kwa maneno yako, utanifichia, nakujua. Wasomee barua hii yote.

Mama mpe salamu zangu, haya mengine usimwambie mpaka apate nguvu. Msalimie mke wa kaka na wanawe, na mjomba mkubwa, umwambie nitapokea lolote atakalosema. Mume wangu anawasalimu.

Mtoto akimaliza kliniki ya macho, wanakopimwa waliozaliwa kabla ya wakati, watakuja huko wote watatu. Wakishuka kwenye basi najua mikono yako itakwenda kwa mjukuu. Nakuomba, dada, mpokee Idi kwanza.

Mdogo wako,
Tatu