Jana Baba Alikupa Talaka

Mama,

Jana Baba alikupa talaka. Najua umeshakufa, na yeye anajua. Ngoja nikueleze.

Hapa kwenye barua naweza kukuita Mama. Pale hospitali ya kampuni ulinikataza. Baba alipopunguzwa kazi mgodini matibabu yetu yalikwisha siku ileile, nawe ulikuwa huwezi kumeza hata bukari laini, ule ugali wetu. Baba mdogo alikuwa bado kazini, mkewe Ngalula akakupa karte yake ya matibabu, ukalazwa kwa jina lake. Ngalula alizaa wavulana watupu, kwa hiyo ukaninong'oneza: "Meta, hapa uniite mama mudogo." Muuguzi aliita "Ngalula," ukasahau kuitika, akapita na dawa zake. Na ulipokuwa unakata roho nilikushika mkono nikasema mama mdogo, mama mdogo, kama mjinga. Hilo bado linaniuma.

Kampuni ilikuzika vizuri, tusiseme uongo. Ilitoa sanduku, lori, na msalaba ulioandikwa NGALULA. Kilio kilikuwa kwa baba mdogo, na Ngalula mwenyewe akagawa chai kwenye kilio chake. Watu wa ofisi, wakidhani ni ndugu wa marehemu, walimpa pole kwa kufiwa na dada. Alilia kweli, alikuwa anakulilia wewe, lakini nilimwona pia ametega sikio asikie wanavyomsifu marehemu. Baadaye akaniambia walimsifu kidogo mno.

Tulidhani yamekwisha. Sasa Ngalula ana uvimbe shingoni, na kwa kampuni yeye ni maiti. Maiti hatibiwi. Baba mdogo naye anakaribia pensheni, na akifa hakuna mjane wa kuipokea, maana mjane alishatangulia. Basi Baba na ndugu yake wakakaa kutafuta akili. Kampuni inamtibu mke mpya wa mfanyakazi aliyefiwa. Ngalula hana jina tena, lakini lako lipo, kwenye karatasi za serikali Kapinga yu hai. Basi Ngalula awe Kapinga, aolewe upya na mumewe mwenyewe. Kilichobaki ni Baba kukuacha kwanza.

Nilimsindikiza ofisi ya zone, serikali inakoandika ndoa na talaka. Karani akamwita mwananchi kwa Kifaransa chao cha ofisini: "Sitwayeni, bibi yako iko wapi?" Baba akajibu, "Alishaenda. Hatarudia." Kwa nani? Baba akasema: "Kwa ndugu yangu mudogo." Karani akamhurumia sana: "Pole, tata. Banamuke njo bile." Eti wanawake ndivyo walivyo. Nilitaka kumrukia. Wewe uliyeuza mihogo sokoni ili Baba ale, leo mbele ya sheria ni mwanamke aliyemkimbilia shemeji yake! Baba alitia sahihi. Tulipotoka alikaa kwenye ngazi akaomba maji, nilipomletea hakuyanywa.

Nilimkasirikia Ngalula, Mama, nikamnunia siku nzima. Kisha nikamsikia nyuma ya nyumba anajifunza kuitika jina lako. Wanawe wanamwita "Kapinga!" naye anachelewa, kama ulivyokuwa ukichelewa wewe. Wiki ijayo anapasuliwa. Aliniita kando, macho chini: "Meta, pale hospitali mi utaniita mama." Kapinga ana binti, ndivyo karatasi zinavyosema. Nitamwita Mama, kwa sauti, wodi nzima isikie, kwenye korido ileile uliponikataza.

Lala, Mama. Namwombea apone, azeeke mpaka tumchoke. Lakini siku atakapokufa, kampuni itamzika vizuri naye, na msalaba wake utaandikwa KAPINGA. Nakuahidi, watu wakishatawanyika nitakuja na jembe, ning'oe msalaba wake na wako, niibadilishe, kila mtu alale na jina lake. Ngalula nimemwambia. Amekubali, ila ameniomba nisiwe na haraka.

Binti yako,
Meta