Mhuri Wangu Ulisimama Wima

Hisanaga, wamenirudishia ombi! Lile la daktari wa kukaa uwanjani mechi za mabinti!

Kosa unalijua? Mhuri. MHURI, ndugu yangu!

Katibu ananiambia, eti, "Kocha, mhuri wako umesimama wima. Hapa mdogo wa cheo huulaza wake kushoto kidogo, uonekane unauinamia wa mwenyekiti."

Nikadhani ananitania. Umesimama wima! Juzi tu mchezaji wangu Chinatsu kagongwa kichwa, kazimia, nimembeba mgongoni mpaka barabarani!

Nimecheza beki miaka kumi na mitano, nimefundisha tisa, sijamwinamia mshambuliaji hata mmoja. Mwezi mmoja tu kwenye ofisi ya chama cha soka...

Nimeugonga upya. Nimeulaza mpaka unakaribia kuanguka.

Mwenyekiti kautazama, kacheka: "Sasa unaanza kukomaa."

Daktari anaanza Jumapili. Usiwaambie wenzetu nimempataje.